Mtoto wa miezi 9 anaangusha kijiko makusudi, tunaokota, anaangusha tena. Anajifunza au anatuendesha?

#1 BabaWaMwanga
Wanajamvi, za jioni.

Nina binti wa miezi 9, tuko Mwanga hapa Kigoma mjini. Siku hizi ana kazi moja. Ukimpakata mezani ukampa kijiko, anakigeuzageuza, ananyoosha mkono pembeni, anakiachia. Kikilia kwenye saruji anainama kuchungulia, kisha ananitazama usoni na kusubiri. Naokota. Hata sijakaa vizuri, kiko chini tena. Kijiko, kifuniko cha chupa ya uji, rimoti, vyote vinapita njia hiyohiyo.

Mama yangu kaja kutoka Kasulu kumwona mjukuu. Yeye anasema mtoto anatupima, tukiendelea kuokota tutalea bosi. Mke wangu anasema mwache, hayo ndiyo masomo yake, kliniki walimwambia mtoto anajifunza kwa kucheza. Nyumba imegawanyika na mgongo unaouma ni wangu. Nani yuko sahihi? Na kama ni masomo kweli, tumsaidieje kwa vitu vilivyopo nyumbani? Hela ya midoli ya dukani sina.

#2 KopoLaDagaa
Nimekaa kiti cha mbele. Wataalamu waje.

#3 JiraniWaKatonga
Mkeo yuko sahihi, ila sababu ni vidole tu. Kushika mtoto anazaliwa nako, mwekee kichanga kidole kiganjani uone anavyong'ang'ania. Kuachia kwa kukusudia ndiko kunakochelewa, na kwa wengi kunaanza kukaa sawa umri huohuo wa binti yako. Kagundua vidole vinamtii, anavifanyisha kazi. Mpe beseni na vifuniko vikubwa vya ndoo au vikombe vya plastiki, atoe na arudishe. Mgongo wako utapona kwa sababu vinadondokea humohumo.

#4 MsomiWaGungu
Hapana, #3, ni zaidi ya vidole. Mwanasaikolojia wa Kifaransa, Jean Piaget, alisema mtoto mdogo akifichiwa kitu, kwake hakipo tena. Akikaribia miezi 8 ndiyo anaanza kukitafuta. Sasa soma tena #1: "anainama kuchungulia". Hapo ndipo penye jambo. Binti anahakikisha kwamba kijiko kisichoonekana bado kipo duniani.

#5 MzeeWaMarekebisho
Piaget alikuwa Mswisi. Kazaliwa 1896, kafariki 1980. Na shahada yake ya udaktari aliifanyia konokono na jamii zao. Watoto walikuja baadaye.

Halafu hilo la "kwake hakipo" limepingwa. Mwaka 1985 Renée Baillargeon na wenzake walichukua watoto wa miezi 5, wakaweka boksi nyuma ya ubao unaolala na kuinuka. Ubao ulipolala moja kwa moja, kana kwamba boksi limeyeyuka, watoto waliukodolea macho muda mrefu zaidi. Maana yake walijua boksi lipo ingawa hawalioni. Wapo wanaobisha kwamba kukodoa macho si kujua, na ubishi huo haujafungwa. Ila kwa hesabu hiyo binti wa miezi 9 anajua zamani kijiko kipo. Tafuta sababu nyingine.

#6 MsomiWaGungu
Mswisi wa upande wa Kifaransa, sijakosa sana.

#7 KopoLaDagaa
Kumbe tunalea watoto kwa elimu ya konokono 😂😂

#8 BibiWaUjiji
Wanangu, nimelea wangu, nikalea wa wanangu. Wote mmesema vizuri lakini hakuna aliyemtazama mtoto usoni. Kijana kaandika mwenyewe: "ananitazama, anasubiri". Huyo hana shida na kijiko. Anataka mtu. Kijiko ni kamba ya kukuvuta.

Mkitaka kujua, tokeni chumbani mchungulie mlangoni mkiwa mmemwachia vijiko vyake. Mtaona kama ataendelea.

Kwetu Ujiji mtoto alikaa barazani katikati ya watu. Anayepita anamsemesha, anayesuka ukili anamsemesha. Mchezo ulikuwa "simama dede", makofi, na kujifunika kanga usoni: "Bibi yuko wapi? Huyooo!" Hatukununua kitu.

#9 JiraniWaKatonga
Shikamoo bibi. Hapo kwenye kanga nakuunga mkono, wangu alikuwa anacheka mpaka kwikwi.

#10 MzeeWaMarekebisho
Bibi #8, mchezo wa kanga umeshachunguzwa. Jerome Bruner na mwenzake waliuandikia mwaka 1976. Waliona kwamba mtoto anajifunza zamu: kwanza wewe unajificha, yeye anasubiri, baadaye yeye ndiye anayejifunika na wewe ndiye unayeshtuka. Mazungumzo yana umbo hilohilo, nasema unanyamaza, unasema nanyamaza. Kwa hiyo kuokota kijiko nako inaweza kuwa ni zamu. Nafasi yako, nafasi yangu.

#11 BabaWaMwanga
Nimejaribu ya bibi #8. Nimemweka kwenye mkeka, nimemzungushia mito, nikamwekea vijiko viwili na kikombe juu ya kigoda kidogo mbele yake. Nikajificha nyuma ya pazia.

Cha kwanza kaangusha, kachungulia, katazama mlangoni. Kimya. Nikasema bibi kashinda. Halafu akachukua kikombe, akakisukuma taratibu kwa kiganja mpaka ukingoni, kikaanguka kikabiringika. Akakifuata kwa macho mpaka kiliposimama. Akachukua kijiko cha pili, safari hii akakiinua juu ya kichwa na kukiachia nyuma. Huku mtu hakuna, eti! Kisha akaanza kula ukingo wa mkeka.

Sasa hapo niseme nini?

#12 BibiWaUjiji
Alikuona miguu chini ya pazia.

#13 KopoLaDagaa
😂😂😂 Bibi hashindwi.

#14 MsomiWaGungu
#11, asante sana. Huyo mliyemcheka kwa konokono aliandika kitu kilekile. Aliwachunguza wanawe 3 nyumbani kwake, na mmoja, Laurent, alipokuwa na miezi 10 alilala chali akawa anaachia vitu kimoja baada ya kingine, na mwanasesere mwenye umbo la bata maji alikuwemo. Anabadilisha mkono ulivyo, mara kaunyoosha wima, mara kaupeleka pembeni, halafu anaangalia kitu kinatua wapi. Kikitua mahali papya anarudia palepale mara kadhaa, kama anayetaka uhakika. Binti yako kasukuma kimoja, kingine karusha nyuma. Anabadilisha njia ili aone matokeo. Huyo ni mtafiti.

#15 MzeeWaMarekebisho
Mtafiti anayekula mkeka. Lakini la Laurent ni kweli, limeandikwa hivyo.

#16 NesiMstaafu
Habari zenu. Nimefanya kazi kliniki ya mama na mtoto miaka mingi. Nani kashinda siwezi kusema, nawapa la kutazama tu.

Kituo cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa cha Marekani kilipitia upya orodha yake ya hatua za ukuaji, ikatoka 2022. Kwenye miezi 9 wameweka kabisa: mtoto anatafuta kitu kilichoanguka akawa hakioni, "kama kijiko". Na anagonganisha vitu viwili. Na anakaa bila kushikiliwa. Walichagua hatua ambazo watoto 75 kati ya 100 au zaidi wanakuwa wamezifikia kwa umri huo. Baba #1, binti yako yuko vizuri. Ambaye wake hajafika asikae na hofu nyumbani, aende na kadi kituoni wamwangalie. Na mtoto aliyekuwa anafanya kitu akaacha kabisa, huyo asisubiri tarehe ya chanjo.

Swali langu baba: hiyo rimoti anayoangusha, mfuniko wa betri umefungwa? Nitarudi kwenye hilo.

#17 FundiSimu_Kibirizi
Mnajitesa bure. Wangu ana miezi 10, nampa simu na katuni za kuhesabu kwa Kiingereza. Ametulia, haangushi kitu, mama yake anapika kwa amani. Na Shirika la Afya Duniani wanaruhusu saa moja kwa siku.

#18 NesiMstaafu
Saa moja ni kuanzia miaka 2 mpaka 4, tena wanasema isizidi, na ikipungua ni bora. Ni mwongozo wa 2019. Chini ya mwaka mmoja hawapendekezi skrini hata kidogo. Badala yake wanataka mtoto achezeshwe sakafuni mara nyingi kwa siku. Ambaye hajaanza kutambaa alazwe kifudifudi akiwa macho, walau dakika 30 kwa kugawanya. Asifungwe mahali pamoja, hata mgongoni, zaidi ya saa moja mfululizo.

#19 Mama_Sokoni
Saa moja mgongoni? Waje wanitazame siku ya mnada.

#20 FundiSimu_Kibirizi
Sawa nesi, lakini Kiingereza atakipata wapi? Mimi sikijui.

#21 MzeeWaMarekebisho
Hata kwa simu hakipati. Mwaka 2003 Patricia Kuhl na wenzake huko Seattle walichukua watoto wa miezi 9 wa Kimarekani. Kundi moja likachezeshwa na mtu anayeongea Kichina, likasomewa vitabu na kuonyeshwa midoli. Kundi jingine likaona mtu yuleyule, vitabu vilevile, kwenye televisheni. Waliokaa na mtu wakaanza kutofautisha sauti za Kichina. Wa televisheni walibaki pale walipokuwa wale ambao hawakusikia Kichina kabisa.

Bibi #8, umepata pointi nyingine hapo.

#22 BibiWaUjiji
Mimi nilisema mtu. Hiyo Seattle imenifuata.

#23 Mwakeye_Kasulu
Mwakeye wakuu! Sasa na sisi wa lugha mbili je? Mama yangu anamsemesha mtoto Kiha kutwa, mimi Kiswahili. Jirani ananiambia mtoto atachanganyikiwa achelewe kuongea. Ana mwaka na miezi miwili, anasema maneno machache, mengine ya bibi yake.

#24 JiraniWaKatonga
Wangu wa kwanza alisikia Kibembe kwa bibi, Kiha kwa majirani, Kiswahili kwetu. Leo tunamwomba anyamaze.

#25 MsomiWaGungu
Mkuu #23, hesabu maneno ya lugha zote mbili kwa pamoja. Ukihesabu ya Kiswahili peke yake utamwona maskini wakati ana akiba kwa bibi. Lugha mbili hazimpi mtoto ugonjwa wa kuchelewa. Kinachomchelewesha ni kukosa wa kumsemesha, au masikio.

#26 ShangaziWaBangwe
Au kioo. Mmemwonyesha kioo kabla hajaota meno? Kwetu mtoto haonyeshwi kioo, anakuwa bubu. Na mwangalieni udata chini ya ulimi.

#27 FundiSimu_Kibirizi
Wangu anajitazama kwenye skrini ya simu iliyozimwa, hiyo inahesabika? 😂

#28 NesiMstaafu
Shangazi, kwa heshima zote, kioo hakijawahi kumfanya mtoto bubu. Ni mchezo mzuri: mweke mbele yake, taja pua, taja mdomo, atajipapasa na kucheka. Kitakachomdhuru ni kioo chenyewe kikivunjika, kwa hiyo shika wewe.

Udata upo kweli, na ukibana sana unaonekana mapema kwa sababu mtoto anapata shida kunyonya. Unaangaliwa hospitali. Ninachowaomba msimpeleke mtoto kwa mtu wa wembe, iwe udata au kile kimeo kinachosingiziwa kila kikohozi. Tumepokea watoto waliovuja damu na waliopata maambukizi baada ya kukatwa kimeo. Naishia hapo maana nikianza sitamaliza.

#29 ShangaziWaBangwe
Sikusema akatwe nyumbani. Ila kioo bado simwonyeshi.

#30 DerevaWaUvinza
Sijasoma uzi wote. Nimenunua lile gari la kujifunzia kutembea, la duara lenye magurudumu. Linafaa? Mtoto ana miezi 8.

#31 MzeeWaMarekebisho
Kanada walilipiga marufuku mwaka 2004, kuuza hata lililotumika ni kosa. Watoto walikuwa wanaserereka nalo ngazi na kuumia vichwa. Na halimwahishi kutembea.

#32 DerevaWaUvinza
Kwangu ngazi hakuna.

#33 Mama_Sokoni
Jiko la mkaa lipo?

#34 DerevaWaUvinza
Lipo 😐

#35 MsomiWaGungu
Kutembea mbona sisi tunafundisha kwa mikono tangu zamani? Mwaka 1976 Charles Super aliandika kuhusu Wakipsigis wa Kenya. Akina mama wanachimba kishimo kifupi, wanamketisha mtoto humo na nguo kumzunguka ili ajifunze kukaa. Wanamshika makwapani akanyage. Watoto wao walikaa na kutembea mapema kuliko wa Marekani. Lakini kwenye kutambaa, ambako hakuna aliyewafundisha, hawakuwa mbele. Kwa hiyo anayesema "watoto wa Kiafrika wamezaliwa wepesi" ajibu hilo la kutambaa kwanza.

#36 JiraniWaKatonga
Au wamezaliwa wepesi na kutambaa hawakupenda. Hujafunga hoja, msomi.

#37 Mama_Sokoni
Mimi sina mume wa kuokota vijiko wala muda wa mkeka. Nauza dagaa na mawese sokoni, mtoto yuko na mimi kwenye boksi la sabuni nililolitandika kitenge. Ana miezi 11. Niwaambie anavyojifunza.

Nina kopo la kupimia. Nikipima dagaa nasema "moja", namimina, "mbili", namimina. Sikumfundisha, nahesabia wateja. Juzijuzi nimempa kopo la zamani na vifuniko vya ndoo. Anajaza vifuniko, anainua kopo kwa mikono miwili, anamimina nje ya boksi, halafu anatoa sauti "ba!" pale ninaposema "mbili". Mteja akimpa shilingi mkononi, ananyoosha mkono kwangu, niipokee. Anajua hela inakuja huku. Nani kamfundisha hilo?

Kuangusha nje ya boksi kulinichosha nikafunga kikombe kwa kamba kwenye boksi. Akikiangusha nambonyeza mgongo, naonyesha kamba. Sasa anavuta mwenyewe mpaka kinapanda. Kamba fupi lakini, isimfikie shingoni, na nikimwacha kidogo tu naifungua.

#38 BabaWaMwanga
Hiyo ya kamba nimeichukua! Asante dada.

#39 BibiWaUjiji
Mnaona? Huyo hajacheza na mtoto hata dakika, na mtoto kacheza kutwa.

#40 MsomiWaGungu
Kuvuta kamba ili kupata kikombe ni kutumia kitu kimoja kufikia kingine. Piaget angefurahi.

#41 KopoLaDagaa
Piaget angenunua dagaa kwanza.

#42 NesiMstaafu
Mama_Sokoni, hongera, ila shilingi usimwachie hata kidogo, inaenda mdomoni. Nilisema nitarudi kwenye usalama.

Umri huu mdomo ndio wa kukagulia. Kipimo changu: kinachoweza kuzama mdomoni mwake kizima si cha kuchezea. Karanga, punje za mahindi, vifuniko vya soda. Kwetu hapa ongeza mise, zile kokwa za mchikichi zinatapakaa kila ua panapokamuliwa mawese. Betri ndogo za duara ni mbaya kuliko zote, zikikwama kooni zinaunguza nyama ndani ya saa 2, kwa hiyo akimeza mkimbizeni hospitali hata kama anacheka. Na ndoo ya maji isikae wazi, mtoto anazama kwenye maji yasiyofika kiwiko.

Akipaliwa na hawezi kulia wala kukohoa, na yuko chini ya mwaka: mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa kiwe chini kuliko kifua, mpige kwa kiganja katikati ya mabega mara 5. Kikigoma kutoka mgeuze, mbonyeze katikati ya kifua mara 5. Rudia, huku mwingine anatafuta usafiri. Tumbo usimbonyeze. Na usiingize kidole kusaka kitu usichokiona, utakisukuma ndani.

#43 JiraniWaKatonga
Nesi, hili liwekwe juu kabisa ya uzi.

#44 Mpinzani_Kigoma
Nimesoma kimyakimya. Sisi tulikua kwa udongo na mbeleko, hakuna aliyetuhesabia hatua za ukuaji, na tuko hapa. Haya ya "mtoto anajifunza kwa kucheza" yamekuja na semina.

#45 NesiMstaafu
Semina zipo, na Desemba 2021 serikali ilizindua programu nzima, PJT-MMMAM (Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto), ya watoto kuanzia 0 mpaka miaka 8. Lakini ukisoma wanachoshauri utakuta ni kumsemesha, kumwimbia, kumpa vyombo vya ndani achezee. Ni yale ya bibi #8.

#46 Mpinzani_Kigoma
Basi bibi alipwe posho ya semina.

#47 BibiWaUjiji
Na nauli.

#48 BabaWaMwanga
Mrejesho kidogo. Nimemsomea mama yangu uzi huu. Kasema Mzungu wa konokono hajawahi kulea, alikuwa anaandika mkewe akiosha nepi. Ila nimemkuta jikoni kamfungia mjukuu kikombe kwa kamba ya kitenge kwenye mguu wa kigoda, anamsemesha Kiha, wanavuta kwa zamu. Nilipomuuliza kama hiyo si kumdekeza kasema huo ni uvuvi.

#49 KulwaNaDoto
Jamani na mimi mnisaidie kabla uzi haujafungwa. Nina mapacha, miezi 11. Kulwa anaangusha, Doto anatambaa anaokota na kumrudishia, siku nzima. Doto mwenyewe haangushi kamwe, na akipewa kijiko anampelekea Kulwa. Vidole, kijiko kisichoonekana, kutafuta mtu: hapo nimweke yupi wapi?

#50 MzeeWaMarekebisho
Umetuharibia kila kitu.

#51 MsomiWaGungu
Kulwa anachunguza vitu, Doto anamchunguza Kulwa.

#52 JiraniWaKatonga
Au Doto ndiye kafika mbali zaidi, maana kuokota, kushika safarini na kuachia mkononi mwa mtu ni kazi kuliko kuangusha tu.

#53 BibiWaUjiji
Mtenganishe kwa muda, mmoja abaki na baba yake chumba kingine, utuambie Doto atampelekea nani.